Nilimshuku Mwadime kwa Maziwa Yake

Meneja wa ushirika aliniomba niwaandikie nyinyi makarani wapya mambo machache ya kuwatia moyo. Nilimwuliza mara mbili anataka nini hasa, maana tangu nianze kufanya kazi chini ya mameneja sijaona ombi linaloishia pale lilipoanzia. Akaniapia kwamba hakuna lingine. Haya, naandika. Lakini moyo wa kumtia mtu sina. Nina yale niliyoyaona kwenye meza ya kupokelea maziwa hapa Werugha, milimani Taita, na mengi yake yanahusu kushuku watu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa kufanya.

Jina langu mnalijua, ingawa wakulima hawalitumii. Kwao mimi ni CID, mpelelezi. Mwanzoni walilinong'ona nyuma ya mgongo wangu, baadaye wakaanza kuniamkia hivyo hivyo kwa Kitaita: "Kwawuka mana, CID." Nilikuwa naitikia. Ungekasirika ungemkasirikia nani, foleni nzima?

Siku ya kwanza nilifika na viatu vya kanisani. Karani niliyekuja kumsaidia alikuwa Mzee Nyambu, mtu mfupi, mkavu, mwenye kofia ya sufu ambayo sikuwahi kuiona imevuliwa. Alivitazama vile viatu, akatazama sakafu iliyojaa maji na maziwa yaliyomwagika, akasema, "Binti, hivyo vitakufa leo." Vilikufa kweli. Kesho yake nikanunua gambuti, vile viatu virefu vya mpira, na gambuti ndiyo nimevaa mpaka nimestaafu.

Mzee Nyambu hakunipa kalamu kwa wiki mbili. Alinipa vifuniko vya mitungi ninuse. Kifuniko ukikifungua na kukinusa mara moja, kinakuambia mengi kuliko mwenye mtungi. Maziwa ya ng'ombe aliyekula vitunguu yananuka vitunguu. Yaliyolala yana uchachu hata kabla ya kuganda. Mtungi uliooshwa kwa maji baridi bila kusuguliwa una harufu ya kitambaa kibichi. Nikishakosea, alikuwa hanigombezi, ananirudishia kifuniko tu na kusema, "Rudia, pua ina matundu mawili."

Baada ya pua ndipo akanipa laktometa, kile kijiti cha kioo chenye uzito chini kinachoelea ndani ya maziwa. Kikizama sana, maziwa ni mepesi, na maziwa mepesi yana maji. Ishirini na nane kwenda juu tunapokea, chini ya hapo mwenyewe anarudi nayo nyumbani. Akanionyesha na kipimajoto pia. Akaniambia laktometa imetengenezwa kupima maziwa yaliyopoa, yakiwa na joto inadanganya. Nikaandika kwenye daftari, halafu kipimajoto nikakiweka kwenye droo. Hapa kwetu asubuhi na ukungu ule, mtu akame saa kumi na moja, atumbukize mtungi kwenye ndoo ya maji baridi, atembee nusu saa kwenye matuta, maziwa yanafika yakiwa baridi kuliko mkono wangu. Sikuona haja. Kumbukeni hiyo droo.

Mzee Nyambu alipostaafu nikabaki peke yangu na foleni, na hapo ndipo jina la CID likapata nguvu. Haki ya Mungu, watu wana akili wakitaka kukuibia! Kuna mama wa kwaya aliyeongeza maji, kisha akaongeza unga kidogo ili uzito urudi. Kuna mzee aliyeleta maziwa yenye kiluwiluwi anaogelea ndani, akaapa kwamba ng'ombe wake alikunywa mtoni akammeza. Nilimwuliza kiluwiluwi amepitia wapi mpaka kwenye kiwele. Akasema hayo ni mambo ya daktari wa mifugo.

Basi nikaanzisha ubao. Wazo lilikuwa langu, wacha niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine. Ubao mweusi nje ya dirisha, na kila aliyekamatwa na maji jina lake linaandikwa kwa chaki, linakaa wiki nzima. Meneja wa wakati ule aliupenda sana. Maji yalipungua, hilo ni kweli, na mimi nikajiona nimefika.

Nilikuwa na kanuni yangu nyingine ambayo haikuandikwa popote. Ukimwambia mtu maziwa yake yana maji, asiye na kosa anakuja juu kama moto. Anapiga meza, anasema pima tena, anaita mashahidi. Mwenye kosa naye anaapa kwa watoto wake, lakini macho yanakimbia. Na yule anayenyamaza kabisa, huyo nilikuwa sihitaji hata kumtazama mara ya pili. Kunyamaza niliona ni kukiri.

Sasa nawaeleza habari za Mwadime, na ndizo zilizonifanya nikubali kuandika.

Mwadime alikuwa mkulima wa kule chini ya barabara, dakika kumi tu kutoka kituoni, mwanamume wa miaka arobaini na kitu. Mke wake, Mshai, aliuza mboga sokoni kule chini Voi, akipanda kuja nyumbani Jumamosi na kushuka Jumapili jioni. Binti yao Righa alikuwa shule ya bweni. Kwa hivyo wiki nzima Mwadime alikuwa yeye na ng'ombe wake mmoja, mweusi mwenye baka jeupe usoni. Alikuwa wa kwanza kwenye foleni siku zote, mtungi unang'aa, na utani mdomoni. Alikuwa akiniuliza, "CID, leo unanifunga miaka mingapi?" Nami namjibu, "Nasubiri ushahidi." Tulienda hivyo miaka.

Halafu akaacha kuwa wa kwanza. Akawa wa tano, akawa wa kumi, mwishowe akawa anafika gari la kubebea maziwa likiwa limeshawashwa. Utani ukaisha. Kifuniko chake kikaanza kunuka kile kitambaa kibichi nilichowaambia. Lita nazo zikapungua, kutoka kumi na mbili hadi saba. Koti alilifunga vifungo vya juu kwenye matundu ya chini, na hakuona. Ukimwuliza habari anasema "sawa tu," huku anatazama mizani.

Mtu mwingine angesema huyu ana shida. Mimi nilisema huyu anauza maziwa pembeni. Wakati ule wachuuzi wa pikipiki walikuwa wanazunguka vijijini wakinunua maziwa mlangoni, na niliwajua wanachama wanne waliokuwa wanawapa wachuuzi nusu na kutuletea nusu. Lita zimepungua, anachelewa, hanitazami usoni. Kwangu kesi ilikuwa imekamilika.

Asubuhi moja nikapima maziwa yake: ishirini na sita. Nikasema kwa sauti, "Mwadime, hapa kuna maji."

Hakusema neno. Alitazama laktometa, akanitazama mimi, akainua mtungi wake, akageuka. Alipofika kwenye kona nikachukua chaki, nikaliandika jina lake. Niliandika kwa herufi kubwa, na niwe mkweli, nilisikia raha kidogo. Yule wa kwanza, yule wa mtungi unaong'aa! Kumbe hata yeye.

Siku mbili baadaye maziwa yakasoma ishirini na sita tena. Nikayakataa tena. Akaondoka kimya tena.

Hapo nikataka kumfumania. Mnaweza kucheka, ni ruhusa yenu. Nilimwachia mlinzi funguo, saa kumi na moja na nusu nikashuka mpaka kwa Mwadime, nikajificha ndani ya nepia yake, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, nikingojea nimwone na maji. Nepia ilikuwa imelowa umande, imekomaa vibaya bila kukatwa, mpaka nikajiuliza mbona amewacha chakula cha ng'ombe kizeeke hivi. Nilikuwa na gambuti zangu na shuka kichwani. Mwanamke mzima, mama wa watu.

Mwadime akatoka na ndoo. Akaketi kwenye kigoda kando ya ng'ombe, na hapo akakwama kama saa iliyoisha nguvu. Hakukama. Ndoo ilikuwa katikati ya magoti yake, mikono imelala juu yake. Ng'ombe aligeuka akamtazama, akalia, akapiga mguu. Hakuna kitu. Kukapambazuka, majirani wakapita barabarani na mitungi yao wakielekea kwangu, yeye bado ameketi. Nilingoja mpaka miguu ikafa ganzi. Nilikuwa nimekuja kumwona mwizi, na mbele yangu kulikuwa na mtu ambaye kunyanyua mikono kulikuwa kumemshinda.

Mwishowe akakama, polepole, na kiwele hakukiosha. Akamimina kwenye mtungi pale pale, maziwa yanatoa mvuke, akaushika akaelekea kituoni moja kwa moja. Hakupita bombani. Hakuna mchuuzi aliyekuja. Hakutia hata tone la maji.

Nikapita njia ya mkato, nikafika kabla yake, nikafungua droo. Alipofika nikaweka kipimajoto: digrii thelathini na nne. Laktometa ikasema ishirini na sita, na nikipiga ile hesabu aliyonifundisha Mzee Nyambu, yale maziwa yakipoa yanakuwa karibu ishirini na tisa. Maziwa safi kabisa. Ng'ombe hashibi, mwenyewe amechelewa, maziwa yamekuja na joto la kiwele, na karani mjuaji hakupima joto.

Nikayapokea, nikasema, "Leo yako sawa." Yeye alipoondoka nikatoka nje nikalifuta jina lake ubaoni. Nilifuta vizuri, kwa kitambaa chenye maji. Lakini kumwambia sikumwambia. Nilijidanganya kwamba akipita ataona limefutika, ataelewa. Ukweli ni kwamba niliona aibu, na CID hana mazoea ya kuomba radhi mbele ya foleni.

Nikaanza kuulizauliza. Jirani yake, Kilelu, akaniambia huyo ni uvivu, utamkuta saa sita mchana amelala. Mwingine akasema ni bangi. Mama wa kwaya, yule wa unga, akasema amerogwa na anajua na nyumba iliyomroga. Mchungaji alisema imani imelegea. Kila mmoja alikuwa na hakika yake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefika kwake. Sikuwaamini, lakini cha kuweka mahali pa maneno yao sikuwa nacho. Kwa hivyo sikufanya kitu. Nilikuwa napima maziwa yake kwa kipimajoto nikijiona nimetenda haki.

Kama majuma matatu baadaye, Mwadime alikuja akiwa wa kwanza. Amenyoa ndevu. Shati limepigwa pasi. Mtungi umesuguliwa mpaka unaweza kujitazama. Alisalimia kila mtu kwa jina na kucheka na mlinzi. Kilelu akasema, "Si mnaona? Amejikaza, amekuwa mtu." Watu walifurahi, na mimi pia nilianza kufurahi.

Halafu akanipa kadi yake ya uanachama. Akasema ng'ombe anamwachia Kilelu, wameshaelewana, niandike lita kwa jina la Kilelu kuanzia kesho. Nikamwuliza yeye anakwenda wapi. Akasema, "Nataka kupumzika kidogo." Akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Asante kwa kazi yako, mama. Ulitufundisha usafi."

Hakuna mkulima aliyewahi kunishukuru. Mzee Nyambu alikuwa ameniambia niyaogope maziwa yanayobadilika kwa siku moja, hata yakibadilika kuwa mazuri, nitafute kwanza kilichoyabadilisha. Na huyu mtu aliyeshindwa kunyanyua mikono, nani amempa nguvu za kupiga pasi? Kwa nini anagawa ng'ombe? Namjua yule ng'ombe. Alimnunua akiwa ndama, alimlisha kwa mkono.

Nikamwita mlinzi akae mezani. Watu wakapiga kelele, gari linangoja, CID umeingiwa na nini. Nikamshika Mwadime mkono, nikampeleka nyuma ya stoo penye mitungi mitupu. Nikauliza kama ninavyouliza kuhusu maji, moja kwa moja, kwa sababu namna nyingine sikuijua.

"Mwadime, unafikiria kujiua?"

Akatabasamu. Lile tabasamu likakaa usoni muda, halafu likaanza kutetemeka kwenye ncha.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nakuuliza wewe."

Akaketi juu ya mtungi, akashika kichwa. "Nimechoka, mama. Si kuchoka kwa kazi. Naamka nimechoka. Nikiwaza Righa na mama yake, naona niko njiani kwao tu, ninawazuia kupita. Usimwambie mtu."

"Hilo siwezi kukuahidi."

"Wataniona nini?"

"Watakuona uko hai."

Akalia. Nami nikakaa naye, nimemshika mkono. Nilikuwa naogopa kwamba kwa kulitaja lile neno nimemfundisha. Baadaye sista, muuguzi wa kliniki tuliyompeleka, aliniambia sivyo: ukimwuliza mtu waziwazi humtii wazo kichwani, mara nyingi unampa nafasi ya kulitua. Lakini pale sikuwa najua.

Siku ile sikumwacha peke yake hata dakika. Nilimpigia Mshai simu na kumwambia apande sasa, asingoje Jumamosi. Nikamtuma Kilelu nyumbani kwa Mwadime akachukue dawa ya kupe, dawa ya kunyunyizia mboga na kila chupa ya shambani iliyokuwa stoo ya huko, azifungie kwake. Kilelu akaanza kuuliza kwa nini. Nikamwambia aulize akiwa anatembea. Alipoelewa alikimbia, yule yule aliyesema uvivu, na jioni nilimkuta mlangoni kwa Mwadime ameketi kama askari, na ng'ombe ameshakamwa.

Kesho yake tulishuka kliniki Voi na gari la maziwa, Mwadime katikati, Mshai upande mmoja na mimi upande mwingine. Niliishuku ile kliniki kabla sijafika. Nilijua watampa panadol na kumwambia apumzike. Nikajiandaa kugomba. Kumbe sista aliyetupokea alikuwa binti mmoja mtulivu, akamsikiliza Mwadime karibu saa nzima bila kutazama simu. Akatuambia ni ugonjwa, unaitwa unyogovu, wengi wanasema dipresheni, unatibika, na haukuja kwa sababu mtu ni mvivu au amepungukiwa na imani. Akasema mara nyingi mwenyewe ndiye wa mwisho kujua kwamba ni ugonjwa, anadhani hiyo ndiyo tabia yake. Daktari akampa dawa. Nikaisoma ile karatasi mbele na nyuma, nikamwuliza daktari maswali mpaka Mshai akanifinya.

Nilichokosea baada ya hapo nawaambia msikirudie. Nilidhani dawa ni kama sindano ya ng'ombe, leo anachomwa, kesho anasimama. Wiki ya pili nikamwambia Mwadime, "Jikaze basi, hata kutabasamu?" Akatabasamu ili kunifurahisha. Lile tabasamu nikalijua nililiona wapi, na nikashikwa na hofu nikampigia yule sista. Sista akanieleza kwamba dawa inataka majuma kadhaa kabla ya kufanya kazi, na mtu asiache hata akisikia nafuu, mpaka daktari aseme. Akaniambia pia, kwa adabu zote, "Mama, ukimwambia ajikaze unamwambia anadanganya. Angeweza kujikaza angekuwa ameshajikaza."

Mimi, niliyewaambia watu wanadanganya kila siku kwa kazi.

Tukaanza kumsaidia kwa vitu vinavyoshikika. Kilelu alikama asubuhi, Mwadime akikama jioni kama anaweza, asipoweza hakuna swali. Mchungaji alikuja kuomba, nami nikasimama mlangoni nimekunja mikono nikingoja aseme habari za imani haba. Aliomba kwa ufupi, akavua koti, akauliza panga liko wapi, akaenda kukata nepia. Tangu siku hiyo namsikiliza hata mahubiri. Mshai alihamia nyumbani miezi mitatu, biashara akamwachia dada yake. Mimi nilikuwa napita jioni, tunakaa barazani. Siku nyingine hatusemi kitu. Nilikuwa sijui kwamba kukaa na mtu bila kumhoji ni kazi, tena ngumu kuliko ya mezani.

Hali yake ilipanda na kushuka. Kuna wiki alirudi kuwa wa kwanza, kuna wiki hakuonekana, na mara moja tulirudi Voi mbio. Ilichukua karibu mwaka mzima kabla hajaniuliza tena nitamfunga miaka mingapi. Niliingia stoo nikalia, nikatoka nikamwambia bado nasubiri ushahidi.

Ubao niliuondoa. Nilisema mbao zinahitajika kutengeneza rafu. Na kazi yangu ya kushuku niliendelea nayo, ila niliigeuza upande. Mtungi ukianza kunuka, nikawa nauliza kwanza mwenye mtungi amelalaje. Anayechelewa, nauliza nini kinamshika kitandani. Akisema "sawa tu," simwachi na hiyo sawa, namtafutia kazi ya kunishikia mizani mpaka foleni iishe. Kwa miaka iliyobaki niliwapeleka wengine kliniki, sitawataja. Wawili walinitukana, nikapita kwao tena kesho yake. Mmoja nilichelewa. Huyo nina kaburi lake akilini na sitaki mtu anifariji.

Nyinyi mmeletewa mashine mpya, unatumbukiza bomba inakupigia hesabu yote pamoja na joto. Nzuri. Mimi siiamini, lakini nzuri. Haitawaambia nani amefunga vifungo vibaya.

Sasa siku yangu ya mwisho mezani. Mwadime alifika katikati ya foleni, kama mtu yeyote. Nilipima joto, nikapima uzito, nikaandika lita kumi na moja. Alipotaka kuondoka nikamwambia, "Ngoja." Nilikuwa nimekesha na hilo neno. Miaka tisa nilikuwa nimekaa barazani kwake, nimekunywa chai yake, na nilikuwa sijalisema.

"Mwadime, ile siku nilipoandika jina lako ubaoni. Maziwa yako yalikuwa na joto, nami sikupima joto. Hukutia maji. Nilijua wiki hiyo hiyo, nikafuta, nikanyamaza. Nilikukosea."

Aliuweka mtungi chini. Nilidhani atacheka, atasema hayo yameshapita.

"Mimi nilikuamini wewe," akasema.

"Uliniamini vipi?"

"Wewe ulikuwa hukosei. Nikasema, basi nimetia maji na sikumbuki. Nikawa nasimama pale bombani asubuhi nikitazama mikono yangu, najiuliza ni mkono upi. Nikasema kama nimefika mahali pa kuibia watu bila kujijua, hawa watu wangu wako heri bila mimi." Alisema taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. "Hata yule sista aliniuliza nini kinachonilemea sana. Nikamwambia, mimi ni mwizi wa maziwa."

Sista aliwahi kuniambia ugonjwa ulikuwepo kabla ya ubao wangu. Najua. Lakini pale dirishani lile neno halikunifaa kitu.

"Miaka yote hii?" nikamwuliza.

"Miaka yote."

Nyuma yake watu walikuwa wameanza kunung'unika, gari limewashwa. Yeye hakusogea. Alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

"Una uhakika, mama? Hata tone?"

"Hata tone. Nilikuwa nepiani nikikuchungulia. Nilikuona kwa macho yangu."

Akaniuliza kama naweza kutoka nje nikaseme tena, kwa sauti, foleni isikie.

Nikatoka, nikapanda juu ya kreti, nikasema.